Ugali, mkonge na mfuko wa rambo

Gesi ya mtungini, mafuta ya taa, mshumaa na mfuko wa rambo ni ndugu wa tumbo moja. Vyote vinne vimeundwa kwa atomu za aina mbili tu, kaboni na haidrojeni, na mpangilio wake unakaribia kuwa uleule: kaboni zimeshikana moja baada ya nyingine, na kila moja imezungukwa na haidrojeni zake. Kinachovitenga ni urefu. Propani, mojawapo ya gesi za mtungini, ina kaboni 3. Mwenzake butani ana 4. Molekuli za mafuta ya taa huwa na kaboni 10 hadi 16 hivi, nta ya mshumaa 20 hadi 40, na polithini ya mfuko wa rambo maelfu kwa maelfu.

Mimina mafuta ya taa kidogo kwenye udongo wa bustani. Yataunguza majani na kunuka, lakini miezi ikipita bakteria watakuwa wamekula sehemu kubwa yake. Fukia mfuko wa rambo palepale, na atakayekuja kuchimba msingi wa nyumba miaka mingi baadaye ataufukua, maandishi yakiwa bado yanasomeka. Atomu ni zilezile, na zimeshikana kwa namna ileile.

Kuna jozi nyingine yenye utata wa aina yake. Ugali na kamba ya mkonge vyote hutokana na glukosi, sukari ileile inayowekwa kwenye dripu ya mgonjwa. Mtu akila ugali mchana, jioni ana njaa. Akimeza singa ya mkonge, itatoka kama ilivyoingia. Hapa urefu hautusaidii, maana minyororo ya pande zote mbili ni mirefu.

Basi ni nini kinachoamua kitu kiyeyuke, kisagike tumboni, kioze shambani au kibaki? Mitaani yapo majibu mawili. La kwanza linasema vya asili huoza na vya kiwandani haviozi. La pili linasema plastiki imefungwa kwa nguvu mno, haivunjiki. Yote mawili yanasikika kuwa ya akili, na yote mawili yanaanguka ukiyapima kwa kemia ya sekondari, ile ile ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani.

Tuanze na kaboni. Mwalimu huchora kiini chenye protoni 6, elektroni 2 kwenye obiti ya ndani na 4 kwenye ya nje. Wanafizikia waliuacha mchoro huo tangu miaka ya 1920, kwa kuwa elektroni hazizunguki kwenye njia kama sayari, ila kwa shughuli yetu unatosha. Obiti ya nje hutulia ikiwa na elektroni 8. Kaboni imekwama katikati: kuzitoa 4 zote ni gharama, na kunyakua nyingine 4 ni gharama vilevile. Njia iliyobaki ni ushirika. Kaboni inatoa elektroni moja, jirani anatoa moja, na jozi hiyo inahesabiwa kwa wote wawili. Hiyo ndiyo bondi ya kovalenti, na kaboni hufunga nne za namna hiyo. Silikoni nayo ina elektroni 4 za nje, lakini hupendelea kushikana na oksijeni kuliko na silikoni nyingine, na ndiyo sababu dunia ina mchanga mwingi kuliko minyororo ya silikoni.

Chumvi hufuata njia tofauti. Sodiamu ina elektroni 1 tu ya nje, klorini ina 7. Ya kwanza huiachia ya pili elektroni hiyo, zote mbili zinabaki na chaji zinazopingana, na zinavutana. Chumvi inayovunwa kwenye mabwawa ya Pemba, Bagamoyo na Gongoni haina molekuli hata moja. Ni ioni zilizojipanga mistari kwa mistari kila upande. Kuiyeyusha kwa moto kunadai nyuzi joto 801, lakini maji ya kisima huitawanya kwa dakika moja, kwa sababu molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo, na kila ioni hupata upande wa kuishika. Neno la kukumbuka hapo ni maji. Maji huvunja kwa urahisi mahali penye chaji, na hupita tu mahali pasipo nayo.

Bondi ya kovalenti hushika atomu ndani ya molekuli. Molekuli na jirani yake hushikana kwa mvuto mwingine, dhaifu sana, ambao huongezeka kadiri molekuli inavyorefuka. Propani huchemka kwenye nyuzi −42, ndiyo maana ukifungua valvu hutoka gesi. Butani huchemka karibu na sifuri. Nta hulainika kwenye nyuzi 50 na kitu, na polithini laini ya mifuko kwenye 110 hivi. Hakuna kilichobadilika isipokuwa idadi ya kaboni. Ukiushika mfuko wa rambo kwa vidole na kuuvuta polepole, hunyumbuka na kugeuka mweupe kabla ya kukatika: minyororo iliyokuwa imezongomana inanyooka na kujipanga kuelekea upande unaovutwa.

Ajabu ni kwamba wanakemia wenyewe waliukataa ukweli huu kwa muda mrefu. Mwaka 1920 Hermann Staudinger, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zurich, aliandika kwamba mpira, wanga na selulosi ni molekuli ndefu kupita kiasi, zilizofungwa kwa bondi zilezile za kawaida. Wakubwa wa fani walishikilia kwamba hizo ni molekuli ndogo zilizogandana kwa mvuto fulani, na Heinrich Wieland, mmoja wa vigogo wa kemia wa zama hizo, alimshauri aachane na wazo hilo. Staudinger akachukua mpira na kuujaza haidrojeni, ili kuua ule mvuto ambao wapinzani wake waliutegemea. Kama wangekuwa sahihi, mpira ungesambaratika na kuwa kimiminika chepesi. Haukusambaratika. Nobel aliipata mwaka 1953, akiwa na miaka 72.

Mabishano hayo hayajapoa, Machi 1933 Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, walibana gesi ya ethilini kwa shinikizo la karibu mara 2,000 ya lile la hewa. Ethilini ina kaboni 2 zilizoshikana kwa bondi mbili. Ya pili ikifunguka, kila kaboni inabaki na mkono mtupu wa kumshika jirani. Wakakuta nta nyeupe kidogo chomboni. Walitafuta kitu kingine, wakapata polithini. Jaribio likagoma kurudiwa hadi mwaka 1935, ilipobainika kwamba oksijeni kidogo iliyopenya kwa bahati ndiyo iliyokuwa ikianzisha mambo. Kiwanda kilianza mwaka 1939, na kazi ya kwanza kubwa ya polithini ilikuwa kufunika nyaya za rada za vita. Kubebea nyanya sokoni kulikuja baadaye sana.

Turudi kwa glukosi, ambako kemia hii inaonekana kwa macho na hata kuonjwa.

Mmea wa mahindi huunganisha glukosi moja na nyingine kwa kutoa molekuli ya maji, na kiungo kinachobaki kati yao ni oksijeni moja iliyoshikwa na kaboni pande zote mbili. Mkonge hufanya hivyo hivyo. Tofauti ni upande ambao oksijeni hiyo imekaa. Kwenye wanga viungo vyote vimeinama upande mmoja, na mnyororo hujisokota. Kwenye selulosi ya mkonge oksijeni imekaa upande wa pili, kila glukosi imepinduliwa ikilinganishwa na jirani yake, na mnyororo hunyooka kama uzi wa fundi mwashi. Fomula ya kikemia haioni tofauti hiyo. Tumbo la binadamu linaiona papo hapo.

Tazama sufuria. Unga ukitiwa kwenye maji baridi huzama chini na kutulia. Maji yakifika nyuzi 60 na kitu, punje za wanga huanza kuyanywa na kuvimba. Bondi za haidrojeni zilizoshika msokoto mmoja kwa mwingine zinaachia, maji yanaingia katikati, baadhi ya minyororo inatoroka kwenye punje na kuzagaa. Ndipo uji unapokuwa mzito ghafla na mwiko kuanza kukataa. Katika shughuli yote hiyo ya kusonga, bondi za kovalenti za wanga hazijaguswa. Mpishi anashughulika na zile dhaifu peke yake. Kukata kwenyewe kunaanzia mdomoni. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho kinaukamata mnyororo wa wanga na kuutia maji pale penye oksijeni. Tafuna tonge la ugali bila mboga, usimeze, na baada ya muda utasikia utamu kwa mbali. Huo utamu ni maltosi, glukosi mbili mbili zilizokwisha kukatwa.

Kiporo nacho kina maelezo yake. Watu husema ugali uliolala hukakamaa kwa sababu umekauka, lakini hata ukiufunika usipoteze tone la maji, asubuhi utakuwa mgumu. Usiku kucha minyororo iliyokuwa imezagaa imerudiana, ikalala ubavu kwa ubavu na kufunga upya bondi za haidrojeni. Ukiupasha moto zinaachia tena.

Selulosi huzaliwa ikiwa katika hali hiyo ya kiporo, tena kwa mpangilio bora zaidi. Bondi moja ya haidrojeni ina nguvu ya kilojuli 20 hivi kwa moli, ambayo ni sehemu ndogo ya bondi ya kovalenti. Minyororo iliyonyooka ikilala pamoja, bondi hizo huwa maelfu kwa maelfu, na maji hayapati pa kupenya. Singa ya mkonge, ambayo karibu theluthi mbili yake ni selulosi, inaweza kuchemshwa kutwa nzima isiwe uji. Amilesi nayo haina la kufanya, kwani umbo lake limetengenezwa kupokea msokoto na si ukanda ulionyooka. Ng'ombe hana kimeng'enya cha selulosi cha kwake mwenyewe; anafuga bakteria katika tumbo lake la kwanza wamfanyie kazi. Mchwa wajengao vichuguu vikubwa hulima kuvu ndani ya kichuguu, wakiiletea majani na vijiti, na ule uyoga mtamu unaochomoza kichuguuni mvua zikianza ni tunda la shamba hilo. Hata hao mahodari wa kula miti wanahitaji msaada.

Hapo ndipo jibu la kwanza la mitaani linapoanza kuyumba, na sandarusi inalimaliza. Karne ya 19 meli zilibeba sandarusi kutoka Unguja hadi Salem, Marekani, kwenda kutengenezewa vanishi. Iliyopendwa zaidi haikukwanguliwa kwenye miti. Ilichimbwa ardhini kwenye pwani ya Mrima, ambako misandarusi ilikuwa imekufa zamani na utomvu wake kubaki mchangani, mgumu, unaong'aa ukisafishwa. Utomvu huo ni polima. Hakuna kiwanda kilichouunda, na bado ulikaa ardhini kizazi baada ya kizazi bila kuozwa na kuvu wala bakteria. Ukiuchunguza mnyororo wake, uti wake ni kaboni iliyoshika kaboni, kama ule wa polithini.

Jibu la pili, la nguvu, ndilo lililonipendeza zaidi kulivunja, kwa sababu jedwali lenyewe la shuleni linalikanusha. Kukata bondi ya kaboni kwa kaboni kunahitaji kilojuli 347 hivi kwa moli. Kukata ya kaboni kwa oksijeni kunahitaji 358 hivi. Yaani kiungo cha ugali kina nguvu kidogo zaidi kuliko kiungo cha rambo! Anayeamini kwamba kigumu ndicho kisichooza angetabiri kwamba ugali utadumu kuliko mfuko.

Siri iko kwenye mgawanyo wa ile jozi ya elektroni. Linus Pauling alizipa elementi alama za jinsi zinavyovutia elektroni: oksijeni 3.44, kaboni 2.55, haidrojeni 2.20. Kaboni na haidrojeni zinakaribiana, na kaboni kwa kaboni ni sare kabisa, kwa hiyo kwenye polithini kila jozi imegawanywa kwa haki na hakuna atomu inayonung'unika. Oksijeni ikiingia mnyororoni, inaivutia jozi upande wake, na kaboni iliyo jirani yake inabaki na upungufu, yaani chaji chanya kidogo. Kimeng'enya kinachofanya kazi ya kukata hulenga hapo hapo. Huipeleka molekuli ya maji kwa upande wake wenye chaji hasi, ikaishambulia kaboni iliyonyang'anywa, na kiungo kinaachia. Gharama ya kilojuli 358 hailipwi kwa mkupuo; kimeng'enya kinafunga bondi mpya huku ya zamani ikifunguka. Kinachohitajika ni mlango, na polithini haina.

Sasa tunaweza pia kuyatatua mafuta ya taa. Nayo hayana oksijeni, lakini molekuli zake ni fupi, zinapenya hadi ndani ya bakteria, na humo kuna vimeng'enya vinavyochukua oksijeni ya hewa na kuipachika kwenye ncha ya molekuli. Mlango unatengenezwa. Mnyororo wa polithini hauingii kwenye chembe hai yoyote, na ncha zake ni adimu mno. Linalobaki ni jua. Miale ya urujuanimno hushirikiana na oksijeni kung'oa haidrojeni hapa na pale, mnyororo unapasuka, na mfuko uliotundikwa kwenye mwiba wa mgunga unaanza kukatika vipande ukiguswa. Vipande hivyo bado ni polithini. Mfuko uliofukiwa haupati jua wala oksijeni ya kutosha, na kwa hiyo haupati hata hayo. Matangi ya maji ya plastiki mengi huwa meusi, au huwa na tabaka jeusi, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa humo huzuia miale hiyo.

Tabia hiyo hiyo inayolaumiwa kwenye mfuko hulipiwa fedha kwenye tangi, kwenye bomba la maji lililozikwa barabarani, na kwenye jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki zilizokusanywa na kushushwa majini mwaka 2018, fundi Ali Skanda akiwa miongoni mwa waliolijenga. Mbao hutobolewa na fukusi wa baharini wanaokula selulosi. Polithini hawana haja nayo.

Tanga iliyajua haya kwa njia ya machungu. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyosalimika na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka humo yalikua mashamba yaliyojaza manamba toka kila pembe ya nchi na nchi jirani, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 230,000, Tanzania ikiongoza duniani. Sehemu kubwa ya singa ilikwenda kufungia marobota ya majani makavu kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Kisha ikaja polipropilini.

Giulio Natta aliipata Milan mwaka 1954, akitumia vichocheo vya aina aliyoibuni Karl Ziegler huko Ujerumani, na wote wawili wakagawana Nobel mwaka 1963. Mnyororo wake ni kama wa polithini, ila kila kaboni ya pili imebeba tawi dogo la kaboni moja. Matawi yakikaa ovyo, unapata utando unaonata usio na kazi. Kichocheo cha Natta kiliyapanga yote upande mmoja, minyororo ikaweza kulala pamoja, na utando ukawa kamba. Ni hadithi ileile ya wanga na selulosi: atomu hazikuongezwa wala kupunguzwa, upande tu ndio uliobadilika.

Kamba hiyo hainywi maji, huelea, haiozi ghalani, na malighafi yake ni gesi inayotoka kwenye viwanda vya kusafisha mafuta. Bei ya mkonge ikaporomoka. Kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967 na usimamizi uliofuata vina sehemu yao katika anguko, na wapo wanaoona ndiyo sababu kuu. Mimi naona kwamba hata shamba lililoendeshwa vizuri kupindukia lingekuwa linapambana na bei ya taka ya kiwanda cha mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Wafugaji wa Ulaya nao walibaki na kero yao: kamba ya mkonge ikisahaulika kwenye majani, ng'ombe anaweza kuisaga; ya polipropilini inakaa tumboni.

Na mkonge wenyewe hutupa zaidi ya unachotoa. Jani likipita kwenye korona, mashine ya kutoa singa, singa zinazobaki ni asilimia 4 au 5 tu ya uzito wake. Miaka mingi yale mabaki yalimwagwa mitoni. Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo unaoyachachua na kupata gesi na umeme, jambo linalowezekana kwa sababu mabaki hayo yamejaa viungo vyenye oksijeni ambavyo bakteria wanavijua.

Mpira ni kisa cha kati. Uti wake ni kaboni tupu, lakini kuna bondi mbili mbili njiani, na hizo huupa unyumbufu na pia udhaifu mbele ya oksijeni na ozoni. Mpira mbichi hunata kwenye joto na kupasuka kwenye baridi. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa na salfa hutulia: salfa hushika mnyororo mmoja na mwingine hapa na pale, mpaka gurudumu zima linakuwa, kwa maana halisi, karibu molekuli moja. John Dunlop alipotengeneza tairi la upepo Belfast mwaka 1888, mahitaji yakalipuka, na Kongo ya Mfalme Leopold ikatoa utomvu wa mitambaazi ya mwituni, ya ukoo mmoja na mbungo, kwa mijeledi, mateka na mikono iliyokatwa, mpaka kashfa ilipomlazimu kuiachia Ubelgiji mwaka 1908. Kikemia, zile daraja za salfa ndizo sababu tairi kuukuu halichongwi upya kwa moto. Chupa ya plastiki ukiipasha huyeyuka ikatiwa kwenye umbo jipya, maana minyororo yake iko huru kuteleza. Tairi likipashwa huungua. Mafundi wa katambuga hawakuhitaji kuambiwa hayo. Wao wanalikata kwa kisu.

Chupa za maji, nazo, ni za polima iitwayo PET, iliyobuniwa na John Whinfield na James Dickson huko Manchester mwaka 1941. Nguo nyingi za mitumba zisizokunjamana zimefumwa kwa polima hiyo hiyo. Mnyororo wake una oksijeni kila baada ya hatua chache, kwa hiyo mlango upo, ila umebanwa katikati ya pete ngumu za kaboni zinazolala pamoja. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza bakteria, Ideonella sakaiensis, aliyepatikana karibu na kiwanda cha kuchakata chupa, anayekula PET laini na nyembamba kwa vimeng'enya vyake. Kwa chupa yenyewe, ambayo minyororo yake imebanana zaidi, anasuasua. Lakini kwamba yupo, na kwamba alitokea kwa PET badala ya polithini, ndivyo hesabu ya oksijeni ingetabiri.

Sheria za mifuko katika ukanda huu zinasomeka tofauti ukiwa na hesabu hiyo kichwani. Zanzibar ilianza mwaka 2006, Rwanda ikafuata kwa sheria ya mwaka 2008, Kenya ikapiga marufuku Agosti 28, 2017, Tanzania Bara Juni 1, 2019. Kabla ya kufika hapo Kenya ilijaribu kudhibiti kwa unene wa mfuko. Unene una faida ya kumfanya mtu autumie tena na iwe rahisi kuuokota, lakini haubadilishi bondi hata moja. Rwanda iliitaja polithini kwa jina, kisha mwaka 2019 ikatunga sheria mpya inayogusa plastiki zote za kutumia mara moja, na naona huko ndiko kuelewa somo: ukikataza polima moja, soko litaleta binamu yake.

Binamu huyo amekwisha kufika. Ile mifuko mbadala ya rangi rangi inayouzwa masokoni, ambayo wengi huidhania kitambaa, kwa sehemu kubwa ni nyuzi za polipropilini zilizogandishwa kwa joto. Ni polima ileile iliyoiangusha Tanga. Kupima ni rahisi. Vuta nyuzi chache, zishike kwa koleo nje ya nyumba, uziguse kwa kiberiti. Pamba au mkonge hushika moto, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu linalosagika. Nyuzi za mfuko mbadala hunywea zikikimbia moto, huyeyuka, hudondosha matone, na harufu yake ni ya mshumaa uliozimwa. Simaanishi kwamba mfuko huo hauna faida. Ukitumika mwaka mzima umeokoa marambo mengi. Kosa ni kuuhesabu pamoja na vinavyooza.

Kosa kubwa zaidi limechapishwa kwenye mifuko yenyewe, katika maandishi kwamba inaoza. Ipo aina ya polithini iliyotiwa chumvi za metali ili jua liipasue haraka. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa agizo la mwaka 2019, kwa kuwa inachofanya ni kuwa vumbi la plastiki mapema. Ipo pia PLA, inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au ya miwa. Hiyo ina oksijeni mnyororoni, na mlango wake ni wa kweli, lakini hufunguka kwa kasi ya maana kwenye mboji ya kiwandani yenye nyuzi joto 58 hivi na unyevu wa kutosha. Dampo la Moshi au maji ya bahari ya Mombasa hayafiki joto hilo, na mfuko wa PLA ukitupwa huko utakaa miaka. Maandishi ya kumsaidia mnunuzi yangetaja jina la polima, mahali inapooza, na inachukua muda gani ikiwa hapo.